Mdomo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na daftari limeanza leo. Sina siri za kuandika. Ni kwamba nimefungwa mdomo. Kila tukianza kutia sauti tamthilia mpya, nikirudi nyumbani jioni sisemi na mtu mpaka kesho yake asubuhi. Nakunywa maji ya vuguvugu, najifunga kitambaa shingoni, na mwenye shida na mimi ananiuliza nimjibu kwa karatasi. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo koo langu lilivyodumu miaka ishirini na miwili. Wenzangu waliokuwa wanakimbilia soga jioni, leo wanakwaruza tu, hakuna anayewaita kazini.

Hii ya sasa ina sehemu sitini. Imetoka mbali, watu wa kwao weupe, nyumba zao hazijui vumbi. Kijana wa nyumba kubwa amempenda muuguzi mweusi, na mama yake hataki hata kumsikia. Mama huyo ndiye mimi. Fundi Sauti ananiita Mama Mkwe tangu asubuhi. Nimemkataza, lakini yule hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Shida ya wale watu ni kwamba wanasema maneno mengi kwa jambo dogo. Tafsiri yetu inakwisha, mdomo wa mama bado unatembea. Hapo ndipo ninapojaza: naongeza neno langu mpaka mdomo ufunge. Hakuna anayeniandikia, linakuja lenyewe. Jina langu lote kwenye kazi hii limejengwa na kujaza midomo ya watu.

Chumba chetu kina magodoro ukutani, lakini juu ni bati. Mvua ikipiga tunasimama. Ikikata tunakimbiza kazi, hakuna kurudia, hakuna kusikiliza tulichorekodi.

Jumatano, 6 Machi

Sehemu tatu kwa siku moja. Nimemtukana yule muuguzi mpaka nikatokwa machozi kwa kumhurumia. Binti wa watu, kosa lake ngozi tu.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu ameleta mchumba. Ninaye huyu mmoja tu, baba yake alishatangulia, kwa hiyo siku hii nimeingoja tangu akiwa na meno ya utoto. Alikuwa ameniambia kila kitu juu ya binti: ni daktari wa meno, ana mdogo wake mmoja, anapenda kutembea kwa miguu. Kila kitu isipokuwa kile nilichokiona kwanza mlangoni. Ni mweupe. Si mweupe wa kujipaka, mweupe wa kuzaliwa. Babu zake walikuja kutoka mbali, yeye kazaliwa hapahapa, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mwanangu.

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Nikaandika kwenye karatasi: "Karibu mwanangu, hapa ni kwenu." Aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye mkoba kama kitu cha kutunza. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Vidole hivyo havijawahi kufua hata leso.

Mimi si mbaguzi, na hilo naliandika ili lijulikane. Mtu anayelia kila siku kwa ajili ya muuguzi wa kwenye skrini hawezi kuwa mbaguzi. Ila mama ana haki ya kushtuka.

Alhamisi, 14 Machi

Tamthilia imeanza kuonyeshwa, kila siku saa moja jioni. Jirani kapiga hodi kuniambia ameogopa. "Mama weye, una roho mbaya hivyo kweli?" Nilicheka bila sauti.

Jumatano, 20 Machi

Mvua imewafungia watu wote ndani, na wote wanaangalia kitu kimoja. Leo nimechelewa kurudi. Nimetembea kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni kwangu, na kila dirisha nililopita lilikuwa linasema kwa sauti yangu. Sikukosa hata neno moja. Nilikuwa nimefunga mdomo, nimejikunyata chini ya mwavuli, na sauti yangu inatangulia mbele yangu, nyumba kwa nyumba. Nilipofika nikafunga mlango kwa komeo. Sijui nilikuwa namfungia nani.

Jumamosi, 23 Machi

Bafuni panavuja. Nimeweka ndoo.

Jumatano, 27 Machi

Mwanangu na Daktari wamekuja kuangalia pamoja nami. Kwa kweli binti ana utani. Muuguzi wa kwenye skrini alikuwa anamuuguza shangazi wa kijana usiku kucha, na Daktari akasema, "Mama, umeona? Mtu mweusi kwenye tamthilia hapendwi hivihivi. Lazima kwanza aokoe maisha ya mtu. Angekuwa mvivu kidogo, anakoroma, wangempenda?"

"Na nyie weupe je, kwenye tamthilia za hapa kwetu?" mwanangu akamchokoza.

"Sisi? Mtalii au mwizi wa mume. Sijawahi kumwona hata mmoja anayeng'oa meno."

Nilicheka mpaka kitambaa kikanifunguka shingoni. Nikamwandikia: "Wewe utaniua." Nilianza kumpenda, nasema kweli. Nilikuwa nimekaa kati yao, mguu wangu umegusana na wake.

Halafu ikaja sehemu ambayo muuguzi anafua mashuka uani, na Mama Mkwe amesimama juu yake. Sauti yangu ikasema, "Vidole hivyo havijawahi kufua hata leso."

Mwanangu akacheka. "Hapo umechemsha, Mama. Si anafua huyo?"

Daktari hakucheka. "Mdomo wake ulikuwa umeshafunga," alisema taratibu. "Mimi nashinda nikitazama midomo ya watu. Alifunga kwanza, maneno yakaja nyuma." Kisha akaitazama mikono yake, akaiweka chini ya mkoba.

Wameondoka sasa hivi. Nimefungua ukurasa wa tarehe tisa. Yako pale kwa mwandiko wangu, neno kwa neno.

Alhamisi, 28 Machi

Nimemuuliza Fundi. Kasema, "Uliijaza wewe mwenyewe, Mama Mkwe. Ilitoka nje ya mdomo kidogo, lakini ilikuwa tamu, sikutaka kuikata." Nikamwambia sikumbuki kuisema. Akanitazama kama anayemtazama bibi yake aliyesahau miwani kichwani.

Jumanne, 2 Aprili

Leo kila palipobaki nafasi nimejaza kwa kukohoa. Fundi amekasirika. "Mama wa nyumba kubwa ana kifua kikuu?"

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua ya kutisha, tangu saa nne asubuhi. Fundi alienda kusimama barazani na wenzake. Mimi nilibaki ndani ya chumba cha magodoro, hedifoni masikioni, nikimngoja. Mbele yangu skrini ilikuwa imesimama kwenye uso wa Mama Mkwe, mdomo wazi nusu, hajamaliza anachosema. Nilimtazama kwa muda mrefu. Uso mweupe, kope za kubandika, na nikaona anavyomtazama mkwewe ndivyo mtu anavyotazama doa kwenye kitambaa cha meza. Nadhani nililala. Fundi aliponigusa bega koo lilikuwa limenikauka kama niliyehutubia mkutano.

Jumapili, 14 Aprili

Mwanangu kanipigia simu mchana. Jumatano watakuja kuniambia tarehe ya harusi. Sauti yake ilikuwa ya furaha, sijaisikia hivyo tangu baba yake afe. Nimefua mapazia.

Jumatano, 17 Aprili

Nitaandika yote.

Walikuja saa kumi na mbili na nusu, wamelowa, wanacheka. Daktari alikuwa ameniletea dawa ya koo, amenunua kwa hela yake bila kuombwa. Harusi ni mwezi wa sita. Mwanangu akasema wanataka nisimame upande wa binti pia, kwa sababu mama yake hayupo. Nikaandika: "Nimefurahi sana." Na nilifurahi. Nilikuwa naandika karatasi ya pili kumwambia kwamba nitamshonea gauni mimi mwenyewe, ikafika saa moja.

Kwenye picha Mama Mkwe alikuwa ametupa mgongo, anatazama nje dirishani. Mdomo hauonekani kabisa. Muziki ukashuka. Sauti yangu ikaanza, polepole, bila hasira, kama mtu anayesimulia akiwa peke yake jikoni.

"Nilimzaa miguu ikitangulia. Siku mbili, mvua inanyesha. Mkunga akaniuliza nani abaki, nikasema mtoto. Sikumchagua yeye nikajiacha mimi ili aje achukuliwe na mtu wa kuja."

Mwanangu ndiye aliyezaliwa miguu ikitangulia. Ukoo mzima unajua. Aligeuka akanitazama. Nilitikisa kichwa, hapana, hapana. Akainuka akazima televisheni.

Sauti ikaendelea. Ilikuwa kwa Jirani, na ng'ambo ya barabara, na nyumba ya pembeni ambako redio yao imeunganishwa na televisheni ili mgonjwa asikie kitandani. Mvua ilikuwa inanyesha na bado niliisikia sauti yangu vizuri kabisa, pande zote.

"Wanamwita binti. Kwao ni wapi? Akikasirika atarudi wapi? Mwanangu akifa nani atamlilia kwa lugha yetu?"

Tulikaa hivyohivyo, watatu, bila kusogea, mpaka ikaisha. Daktari ndiye wa kwanza kusema. Hakuinua sauti. "Mama, maneno hayo uliandikiwa?"

Nilikuwa na karatasi mkononi, ile ya gauni. Nikaigeuza nyuma nikaandika: "Ndiyo. Ni tamthilia tu."

Aliisoma. Hii hakuikunja. Aliiacha mezani.

Alhamisi, 18 Aprili

Nilifika kazini kabla ya mlinzi. Fundi akanitilia hedifoni akanisikilizisha. Dakika arobaini. Ni ile tarehe nane, siku ya mvua. Mashine ilikuwa inaendelea kurekodi, yeye alisahau kuizima, na mimi nimekaa peke yangu nasema kwa sauti ya Mama Mkwe, natua panapotakiwa, navuta pumzi panapotakiwa. Yote niliyowahi kuyafikiria juu ya yule binti tangu alipovuka kizingiti changu. Na mengine ambayo naapa sijawahi kuyafikiria, lakini nilipoyasikia niliyajua.

"Kuna kitu kimoja," Fundi akasema, akajikuna shingo. "Siku ile bati lilikuwa linapiga ngoma. Hatukuwa tunasikilizana pale barazani. Humu mvua haimo hata tone."

Nilimwomba afute. Hawezi. Ameshayapanga kwenye sehemu zilizobaki, kila mahali ambapo uso wa mama hauonekani, na zimeshapelekwa zote isipokuwa ya mwisho. Wenye kituo cha televisheni wamempigia kumpongeza. Wanasema hawajawahi kumwelewa mama mkwe kama huyu. Nilimpigia magoti, mimi, mtu mzima. Akaniinua kwa heshima zote akaniambia, "Mama, hii ndiyo kazi bora uliyowahi kufanya."

Ijumaa, 19 Aprili

Saa moja. Nimejiziba masikio kwa mito miwili. Sauti haikuwa inatoka nje tu.

Jumapili, 21 Aprili

"Wajukuu zangu watafanana na nani? Nitawaita, na hawatageuka." Mtaa mzima umesikia. Jirani kaniletea sabuni, kasema leo amelia, kasema huyu mama kumbe anaumia tu. Wanamwonea huruma. Huo ndio uchawi wake: zamani walimchukia, sasa wanakubaliana naye.

Jumatatu, 22 Aprili

Dukani nimemsikia mwanamke akimwambia binti yake, "Sikiliza anavyosema yule mama, ana hoja." Binti kainamisha kichwa. Sikununua nilichofuata.

Alhamisi, 25 Aprili

Mwanangu amekuja peke yake, jioni. Hakukaa. Alikuwa na karatasi za tamthilia mkononi, zimelowa pembeni.

"Nimepitia kwa Fundi. Nimesoma sehemu ya thelathini na tano yote. Hayamo, Mama. Hapo pameandikwa: anatazama dirishani, kimya."

Nilisimama.

"Nilimwambia Daktari umeandikiwa. Yeye akasema hapana, akasema alikutazama mdomo wewe ukiandika. Lakini akasema tukupe nafasi, labda utasema mwenyewe. Siku nane, Mama. Nakuuliza sasa. Ni yako au si yako?"

Hapa nitaandika jambo ambalo hakuna atakayelisoma. Ilikuwa saa kumi na mbili. Kesho nina sehemu ya mwisho ya kurekodi, ya msamaha, na koo lilikuwa linawasha. Mwanangu wa pekee amesimama mbele yangu, maji yanamchuruzika usoni, ananiomba neno moja tu. Mkono wangu ukaenda mezani.

"Hata sasa," akasema. "Hata sasa unatafuta karatasi."

Akaniambia harusi watafunga wao wawili na mashahidi. Wamepata kazi mji mwingine, wanahama mwezi wa tano ukiisha. Akauegesha mlango nyuma yake polepole, ndivyo nilivyomlea.

Nyani haoni kundule. Miaka yote hii nawalilia watu wa kwenye skrini.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimerekodi msamaha. Muuguzi amemtolea Mama Mkwe figo, ndiyo sasa anastahili kupendwa. Fundi alilia nyuma ya kioo. Nilitoa kila nilichonacho, na ndani yangu hapakuwa na kitu.

Jumatano, 1 Mei

Mvua. Mwanangu hapokei simu.

Jumapili, 5 Mei

Nimeacha kutunza sauti. Kazi imekwisha, nina ruhusa ya kusema jioni. Nilikaa mezani nikaiambia nyumba, "Habari za jioni." Nilipojisikia nikageuka kutazama kama televisheni imewaka. Haikuwa imewaka.

Jumapili, 12 Mei

Sehemu ya sitini. Mama Mkwe amempigia magoti muuguzi, kamwomba radhi, mtaa mzima umepiga makofi, nimeyasikia dirisha kwa dirisha. Jirani kanikumbatia mlangoni. Mvua imekata jioni hii, mara moja, kama iliyozimwa.

Kesho naenda kwa Daktari. Siwezi kumwacha mwanangu aondoke hivi. Nimekaa tangu asubuhi napanga maneno, na kila lililofanana na la Mama Mkwe kwenye skrini nimelitupa.

Jumatatu, 13 Mei

Nimekwenda. Chumba cha meno kiko mwisho wa ukumbi, na nje yake kuna benchi la wagonjwa, walikuwa saba au nane, wameshika mashavu. Daktari alikuwa ananawa mikono. Aliponiona hakushtuka. Alifuta kidole kimoja kimoja, akaniwekea kigoda, yeye akabaki amesimama.

Sikutoa karatasi. Nikasema kwa mdomo wangu. Nilimwambia maneno yale yalikuwa yangu, yote, hakuna aliyeniandikia. Nilimwambia nilimtazama rangi kabla sijamtazama uso, na nikajificha nyuma ya mwanamke wa kwenye skrini ili nisionekane. Kwamba niliongopa mara mbili, kwake na kwa mwanangu. Kwamba siku ile ya mkoba na vidole nilikuwa nimeanza kumpenda, na hilo ndilo linalonitesa zaidi, kwa sababu mapenzi hayakuizuia ile sauti. Nikasema, "Mwanangu, siombi unisamehe leo. Naomba msihame kabla sijakujua."

Nililia. Sikuwa nimepanga kulia. Nilipotua kuvuta pumzi nikageuka. Mlango ulikuwa wazi. Wagonjwa wote walikuwa wameinuka kwenye benchi, wamesogea, mmoja ameinua simu ananirekodi, na mama mmoja mwenye shavu lililovimba alikuwa anatokwa machozi huku anatabasamu. "Ndiye," alimnong'oneza mwenzake. "Ndiye mwenyewe."

Daktari alikuwa ananitazama mdomo. Si macho, mdomo. Alikuwa ametulia, anajitahidi kweli, naliona hilo. Katika miezi yote hii hajawahi kunisikia nikisema naye. Alichosikia ni televisheni.

"Ni maneno mazuri, Mama," akasema mwishowe. Hakukuwa na kejeli hata kidogo, alikuwa anauliza kwa sababu hakujua. "Ni ya sehemu ya ngapi?"

Nikamwambia si ya sehemu yoyote. Nikamwambia ni yangu.

"Basi yaseme tena," akasema kwa upole. "Kwa sauti yako."

Akanimiminia maji kwenye kikombe cha wagonjwa. Nikanywa. Nikafunga macho, nikatafuta chini kabisa, mahali nilipokuwa nikisemea kabla ya kazi hii, nilipokuwa nikimbembeleza mwanangu alale. Nikajaribu. Ikatoka ileile, inatua panapotakiwa, inavuta pumzi panapotakiwa, na kwenye benchi mtu akaanza kulia upya.

Daktari alinisikiliza mpaka nikamaliza. Alinishika bega akapita, akaenda mlangoni, akamwita mgonjwa wa kwanza.